BARAZA LA JAMAA: Kiwanja cha Ndege cha Kolwezi



Kijana mmoja, mwanafunzi wa shule ya sekondari, ambaye wazazi wake wanakaa upande wa machimbo ya Mashamba karibu na Kolwezi, ametuandikia barua ya mistari kumi tu. Asema kwamba siku moja jioni ndege tatu zilipita mfululizo juu ya mtaa wao. Babu yake alikuwa mezani. Mzee akaacha bukari yake, akatoka nje, akasimama uani akitazama juu mpaka ndege zote tatu zilipokwisha kushuka nyuma ya miti. Kijana akamwuliza, "Babu, unatafuta nini?" Mzee akanawa mikono tena, akarudi kula, asijibu neno. Sasa kijana atuuliza sisi: je, kiwanja cha ndege cha Kolwezi kina nini, hata wazee hawawezi kusikia ndege nyingi wakatulia?

Mwanangu, babu yako alikuwa akihesabu. Watu wa mji huu waliokwisha kupata akili katika mwaka wa 1978 huhesabu ndege bila kujua kwamba wanahesabu. Ndege moja ni wasafiri. Ndege nyingi pamoja ni habari nyingine. Lakini ili ufahamu neno hili vizuri, hatuna budi kuanza mbali, kwa maana kiwanja hiki kimeona mambo mengi kuliko ukubwa wake.

Zamani mtu aliyetaka kufika Katanga kutoka Ulaya alipanda meli mpaka Cape Town, kisha akakaa garimoshini siku nyingi, kwa kuwa reli ya kusini ilifika Elisabethville mwaka wa 1910. Katika mwaka wa 1920 serikali ya Wabelgiji ilianza kujaribu ndege za kushukia majini, zifuate mto kutoka Kinshasa mpaka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Njia hiyo iliitwa kwa jina la Mfalme Albert, nayo ilikufa mwaka wa 1922. Kisha, tarehe 12 Februari 1925, rubani Edmond Thieffry akaondoka Bruxelles pamoja na wenzake wawili, Léopold Roger na Joseph De Bruycker, katika ndege yenye injini tatu. Walifika Léopoldville tarehe 3 Aprili. Hesabu mwenyewe: siku 51. Meli ingaliwafikisha upesi zaidi! Katikati ya safari walikwama kwa sababu ya rafadha iliyovunjika, wakakaa wakingoja nyingine. Walakini njia ilikuwa imekwisha kuonekana, na miaka kumi baadaye, mwezi wa Februari 1935, kampuni ya Sabena ikafungua safari za kawaida kati ya Ubelgiji na Kongo, za siku tano na nusu. Ndege ya kwanza ya safari hizo iliitwa kwa jina la Thieffry, ambaye mwenyewe alikuwa amekwisha kufa kwa ajali ya ndege katika Kongo mwaka wa 1929.

Wakati huo Kolwezi bado haikuwa mji. Reli ya kwenda Angola ilipita katika nchi hii mwaka wa 1931, na mwaka wa 1937 kampuni ya Union Minière ikaweka hapa makao makuu ya machimbo yake ya magharibi. Basi mji ulizaliwa na shaba, si na biashara wala na ufalme. Nyumba zilijengwa kwa ajili ya kazi. Shule, hospitali na makanisa yakafuata. Mapadre Wafransisko walikuwa wamekwisha kukabidhiwa nchi ya Lulua tangu mwaka wa 1922, nao walizoea kutembelea vituo vyao kwa miguu, kwa baisikeli na kwa pikipiki. Kiwanja cha ndege kilifuata kama vitu vingine, kusini ya mji, mahali palipokuwa na uwanda mpana na udongo usiotakiwa na wachimbaji. Neno hili la pili si dogo. Katika Kolwezi kila kitu kimekaa juu ya madini, na lililo juu ya madini huhamishwa siku moja.

Mwulize mwalimu wako wa fizikia jambo moja. Kolwezi iko juu sana, karibu meta 1,500 kupita usawa wa bahari. Katika nchi ya juu hewa ni nyepesi. Bawa la ndege hubebwa na hewa, na injini hula hewa. Basi hewa ikiwa nyepesi, ndege haina budi kukimbia zaidi ardhini kabla ya kuinuka, na njia ya kurukia yapasa kuwa ndefu kuliko ile ya mji wa pwani kama Dar es Salaam. Joto la saa nane mchana laongeza taabu hiyo, kwa maana hewa ya moto ni nyepesi tena. Ndiyo sababu rubani mwenye mzigo mkubwa hupenda kuondoka asubuhi. Nazo namba kubwa zilizopakwa rangi kwenye ncha za njia, 11 upande mmoja na 29 upande wa pili, si namba za nyumba. Ni dira: digrii 110 na digrii 290, sifuri imeondolewa. Njia imelazwa hivyo kwa ajili ya upepo, kwani ndege hupenda kushuka na kupanda ikiukabili upepo, na katika kiangazi upepo wetu hutoka mara nyingi kusini-mashariki.

Sasa tuje kwenye habari za vita.

Katanga ilipojitenga na Kongo mwezi wa Julai 1960, serikali ya Bwana Tshombe ilitafuta ndege za vita. Mwanzoni mwa 1961 ilipata ndege tatu ndogo za jeti, zilizotengenezwa Ufaransa kwa ajili ya kufundishia marubani, jina lake Fouga Magister. Moja ilianguka, moja ilikamatwa na askari wa Umoja wa Mataifa katika kiwanja cha Luano, Elisabethville. Ikabaki moja tu, nayo ilikuwa Kolwezi.

Mwezi wa Septemba 1961 vita vilipoanza kati ya Wakatanga na askari wa Umoja wa Mataifa, ndege hiyo moja, ikiongozwa na rubani Mbelgiji, iliondoka Kolwezi siku baada ya siku. Ilipiga mabomu kiwanja cha Luano. Iliwapiga Waireland mia na hamsini na kitu waliokuwa wamezingirwa Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, mpaka wakaishiwa na maji na risasi, wakakamatwa wote, wala hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Jeshi la Umoja wa Mataifa halikuwa na ndege ya vita hata moja katika Kongo nzima. Basi mataifa ya dunia yalisimamishwa na ndege moja ya kufundishia na kipande cha njia katika mji wa wachimba shaba.

Jambo hilo lilikuwa na mwisho wa huzuni. Tarehe 17 Septemba 1961 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, aliondoka Léopoldville kwenda Ndola, ng'ambo ya mpaka, aonane na Tshombe ili kutafuta amani. Kwa kuiogopa ile ndege ya Katanga, safari yake ilizungushwa mbali, ikafanywa gizani. Usiku huo ndege yake ilianguka msituni karibu na Ndola, wakafa yeye na wote waliokuwa pamoja naye. Sababu ya ajali ile inachunguzwa mpaka leo, na Umoja wa Mataifa wenyewe uliufungua upya uchunguzi baada ya miaka hamsini na zaidi.

Kisha ndege za vita za Umoja wa Mataifa zikaja: za Sweden, za Uhabeshi, za India. Mwezi wa Desemba 1961 ziliipiga Kolwezi. Tarehe 29 Desemba 1962 ndege za Sweden zilirudi, zikazichoma ndege za Katanga zilizokuwa zimesimama katika kiwanja cha Kengere. Tshombe alikimbilia Kolwezi, na watu wake wakaweka baruti katika bwawa la Nzilo, wakitisha kulivunja. Fikiri, msomaji, maji yale yangefanya nini! Kwa neema ya Mungu hayakuvunjwa. Mwezi wa Januari 1963 akakubali kuacha kujitenga, na tarehe 21 askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia Kolwezi pasipo vita. Mzee aliyekuwa mtoto wa miaka saba siku zile, leo ana miaka sabini hivi.

Baada ya hayo miaka ikawa mizuri. Union Minière ilichukuliwa na serikali mwaka wa 1967, ikawa Gécamines. Mashimo makubwa ya Dikuluwe na Mashamba yakafunguliwa. Air Congo, iliyoitwa Air Zaïre tangu 1971, ilikuwa na safari zake nchini. Na mwaka wa 1972 serikali iliunda shirika la kuangalia viwanja vya ndege, linaloitwa kwa herufi zake tatu RVA. Mwaka wa 1971 Baba Mtakatifu Paulo VI alilifanya Kolwezi kuwa jimbo la Kanisa lenye askofu wake.

Nafika sasa kwenye mambo ambayo babu yako hakutaka kuyasema mezani.

Mwezi wa Machi 1977 wapiganaji waliotoka Angola, wengi wao wana wa Katanga waliokimbilia huko baada ya mwaka wa 1963, waliingia nchini. Mwezi wa Aprili ndege za Ufaransa zikaleta katika kiwanja cha Kolwezi askari 1,500 hivi wa Moroko. Wapiganaji wakarudi Angola. Watu wakadhani mambo yamekwisha.

Mwaka uliofuata wakarudi kwa njia nyingine, wakipitia Zambia. Siku ile ilikuwa Jumamosi, tarehe 13 Mei 1978, mkesha wa Pentekoste. Makatekista walikuwa wakitayarisha watoto, wanakwaya walikuwa na mazoezi yao ya mwisho. Alfajiri bunduki zikalia. Kiwanja cha ndege kilikuwa kati ya mahali pa kwanza palipokamatwa, na ndege zilizokuwa chini zikaharibiwa. Tangu saa hiyo mji ulifungwa. Reli haikupita, barabara ilikatwa, na mbingu pia ilifungwa, kwa kuwa mwenye kiwanja ndiye mwenye mlango.

Tarehe 16 askari wa miavuli wa Zaire walirushwa karibu na mji, nao wengi wakauawa. Siku hizo hizo kikosi kingine, kilichokuja kwa barabara chini ya meja Mahele, kilipigana mpaka kikakirudisha kiwanja mikononi mwake, kikakishika. Ijumaa tarehe 19 Mei, mchana, ndege zilizotoka Kinshasa zikapita chini juu ya mji, na askari mia nne hivi wa jeshi la kigeni la Ufaransa, chini ya kanali Erulin, wakaanguka kwa miavuli pembeni mwa mji, wengine juu ya mapaa na majani marefu. Kesho yake wakaja wenzao. Na asubuhi hiyo ya tarehe 20 ndege za Wabelgiji zilizokuwa zimengoja katika kituo cha Kamina zikatua zenyewe katika kiwanja, moja nyuma ya nyingine. Ndizo ndege nyingi pamoja.

Katika siku chache Wazungu zaidi ya 2,000 walipandishwa katika ndege hizo, wakapelekwa Kamina, Kinshasa na Ulaya. Walikuwa wameona mambo ya kutisha. Zaidi ya mia moja wa kwao waliuawa, na hakuna Mkristo atakayewaonea choyo kwa kuokoka kwao. Lakini tusiandike historia ya nusu. Watu weusi waliokufa Kolwezi katika juma hilo walikuwa mamia, wengine kwa mikono ya wapiganaji, wengine kwa mikono ya askari wa serikali. Kwa jamaa zao hakuna ndege iliyokuja. Wao walikimbia kwa miguu, wakalala porini na watoto, kisha wakarudi wakazika. Waliosimama kando ya barabara ya kiwanja siku zile waliona milango ya ndege ikifunguliwa na kufungwa, wakajua kwamba haikufunguliwa kwa ajili yao. Kijana wangu, mtu aliyeona hivyo hawezi kusikia ngurumo tatu angani akaendelea kula.

Baadaye askari wa nchi za Afrika, wa Moroko, Senegal, Togo, Gabon na wengineo, walikaa kulinda mkoa mpaka mwaka wa 1979.

Hapa niruhusiwe kutoka njiani kidogo, kwa maana wasomaji wengine watauliza Kanisa lina neno gani na ndege. Linalo. Mwaka wa 1920 Baba Mtakatifu Benedikto XV alimweka Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa wanahewa, na sikukuu yake ni tarehe 10 Desemba. Watu wa nyumbani mwa rubani au fundi wa ndege wafanye vema kuikumbuka. Tena palikuwa na padre mmoja Mjerumani, Paul Schulte, aliyekuwa rubani vitani katika ujana wake. Rafiki yake, padre Otto Fuhrmann, alikufa katika misioni ya Afrika Kusini-Magharibi, ndiyo Namibia, kwa kuwa alikuwa mgonjwa mahututi, na hospitali ilikuwa mbali, na gari halikuwapo. Padre Schulte hakunung'unika tu. Mwaka wa 1927 alianzisha chama cha kuwapatia wamisionari magari, mashua na ndege, kinachoitwa MIVA, na chama hicho chafanya kazi mpaka leo katika nchi nyingi. Sababu yake yote ilikuwa mgonjwa mmoja aliyechelewa kufika.

Turudi Kolwezi. Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Kisha kazi ikaanza kufa. Mwaka wa 1990 machimbo ya chini ya ardhi ya Kamoto yaliporomoka. Mitambo ikachakaa, mishahara ikachelewa. Na baada ya miaka michache tani zilikuwa hazifiki 50,000. Katika miaka ya 1992 na 1993 jamaa nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika makao yao, zikakaa juma kwa juma katika stesheni za reli zikingoja garimoshi, na watoto wengi wakafa humo. Nayataja haya, ingawa habari yetu ni ya ndege, kwa sababu mlango wa maskini wa Kolwezi umekuwa daima stesheni, si kiwanja. Air Zaïre nayo ilifilisika mwaka wa 1995.

Kisha ulimwengu ukaanza kutaka kobalti. Simu za mkononi na magari ya umeme huhitaji betri, na betri nyingi huhitaji madini haya, na sehemu kubwa zaidi ya kobalti ya dunia yote hutoka katika nchi hii ya Lualaba na jirani yake Haut-Katanga. Kampuni zikaja kutoka Uchina, Uswisi na kwingineko. Mwaka wa 2015 Katanga iligawanywa, Kolwezi ikawa mji mkuu wa mkoa mpya wa Lualaba. Mji mkuu una gavana, wabunge, mahakama na wageni wa serikali, na hao wote husafiri kwa ndege. Ndipo kazi ya kutengeneza na kupanua kiwanja ilipopata nguvu. Kiwanja cha machimbo kikataka kuwa kiwanja cha mkoa.

Wengine hudhani kwamba shaba yetu huondoka kwa ndege. Sivyo. Shaba ni nzito na bei ya ndege ni kubwa. Mzigo huo huenda kwa malori na kwa reli, kuelekea Durban, Dar es Salaam, na sasa tena Lobito katika Angola, kama zamani. Wanaokaa kando ya barabara wanajua, kwa maana vumbi lake liko juu ya vyombo vyao. Kwa ndege huenda watu, barua za kazi, dawa, na vipuri vya haraka vya mitambo. Barabara ya Lubumbashi, kilomita 300 hivi, ilitiwa lami, na abiria wengi huitumia hiyo. Nauli ya ndege hulipwa na kampuni au na serikali. Baba wa nyumba mwenye watoto sita huitazama tu. Mimi siandiki hivi kwa kukilaumu kiwanja. Mgonjwa wa figo au mama mwenye uzazi mgumu, anayetakiwa hospitali kubwa leo wala si kesho, hajali nani alilipa njia ya kurukia. Nasema tu kwamba tukisikia maneno ya maendeleo, tuulize pia nafasi ya mgonjwa wa kawaida katika ndege hiyo iko wapi, na nani atamlipia. Baraza la parokia laweza kuuliza. Nayo vyama vya kusaidiana vya jamaa zetu, vinavyochanga kwa ajili ya matanga, vyaweza kuchanga pia kabla ya matanga.

Lipo jambo jingine la karibu zaidi, ambalo kijana hakuuliza, lakini nalisema kwa wazazi. Mji unakua, na viwanja vya kujenga vimekuwa ghali. Mahali pengi machimbo yamekula mitaa. Katika Kasulo, tangu mwaka wa 2014, watu walichimba kobalti hata ndani ya nyumba zao. Mtu aliyehamishwa hutafuta mahali pa bei nafuu, na karibu kila mji wa Kongo mahali pa bei nafuu ni karibu na ncha ya kiwanja cha ndege. Atakuja mtu mwenye karatasi na muhuri, atakuonyesha ardhi tambarare, wazi, isiyo na mti. Jiulize kwa nini haina mti.

Tarehe 8 Januari 1996, katika Kinshasa, ndege ya mizigo iliyozidishiwa uzito ilishindwa kupanda kutoka kiwanja cha Ndolo. Mwisho wa njia palikuwa na soko. Watu zaidi ya 200 waliokuwa wakinunua na kuuza walikufa. Tarehe 15 Aprili 2008, katika Goma, ambako lava ya mlima Nyiragongo ilikuwa imefupisha njia ya kurukia tangu mwaka wa 2002, ndege ya abiria ilipita mwisho wa njia ikaingia katika mtaa wa Birere. Walikufa watu karibu 40, na wengi wao hawakuwa wamepanda ndege. Ardhi iliyo wazi mbele ya njia ni sehemu ya kiwanja kama ilivyo njia yenyewe, kwa maana ndiyo inayompa rubani nafasi akikosea. Mwenye kuiuza anauza nafasi hiyo, na mwenye kuinunua anaijaza watoto wake. Mkiona uzio umekatwa ili watu wapite njia ya mkato kwenda shambani, msiwatume watoto huko, wala msiwaache mbuzi huko, hata kama jirani afanya hivyo.

Nayo ajali haiko mbali na kwetu. Tarehe 15 Novemba 2025 daraja la wachimbaji liliporomoka huko Kalando, katika mkoa wetu, wakafa watu wasiopungua 32. Siku mbili baadaye ndege ya jeti ilimleta Waziri wa Madini na watu wake kwa ajili ya msiba huo. Ilipokuwa ikitua Kolwezi ilitoka njiani, ikasimama majanini, mkia ukashika moto. Watu wote walitoka wazima kabla moto haujaimeza. Walitoka kwa sababu milango ilifunguliwa upesi na watu wakatoka upesi. Basi wewe utakayepanda ndege siku moja, hata kama ni mara moja katika maisha yako, shika neno hili: wahudumu wakisema tokeni, toka mikono mitupu. Sanduku liache, mkoba uache, hata zawadi za mama mkwe ziache. Dakika moja na nusu ndiyo muda ambao watengenezaji wa ndege wanalazimishwa kuonyesha kwamba abiria wote wanaweza kutoka, tena kwa nusu ya milango, na mtu mmoja anayevuta sanduku anaufunga mlango kwa watu ishirini.

Kijana wetu ameuliza pia, chini kabisa ya barua yake, kama mtoto wa mchimbaji aweza kupata kazi katika kiwanja cha ndege bila kuwa rubani. Aweza. Rubani mmoja angani ana watu wengi chini: anayeongoza kwa redio kutoka mnara, anayepima upepo na mawingu, wazimamoto, fundi wa injini, fundi wa taa za njia, mtia mafuta, mpima mizigo. Yule mpima mizigo umkumbuke ukisoma tena habari za Ndolo. Wote hawa huhitaji hesabu, fizikia na Kifaransa kizuri, na wanaozungumza na marubani wa mataifa huhitaji Kiingereza pia. Anza na hesabu, mwanangu. Barua yako ina makosa mawili ya kuzidisha mahali ulipoandika mwendo wa ndege kwa saa. Tumekurudishia karatasi pamoja na masahihisho.

Na babu yako usimwulize tena mezani. Mwulize mkiwa wawili, Jumapili baada ya Misa, mkitembea. Mwulize tarehe 13 Mei 1978 alikuwa wapi, na nani alikuwa pamoja naye. Chukua daftari.

Juma lijalo tutajibu barua ya mama mmoja wa Likasi, anayeuliza kama inafaa kumtoa binti shuleni ili amlee mdogo wake mgonjwa. Wenye maoni juu ya neno hilo watuandikie kabla ya Jumatano.